Kimya cha maiti si ruhusa

Katika kijitabu hiki wenzangu wameandika juu ya mahari, juu ya ngoma, juu ya majina tunayowapa watoto. Mimi niliombwa niandike juu ya maziko. Niliposema kwamba nitaandika juu ya figo, moyo na macho ya marehemu, mzee mmoja wa jumuiya yetu alicheka, akaniuliza: « Ayo mambo ya Bazungu inaingia namna gani mu desturi yetu? » Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, kwa heshima, na ninaomba asome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Jambo lenyewe ni hili: mtu akisha kufa, nani ana haki ya kusema « chukueni » au « musimuguse »? Ni yeye mwenyewe, kwa neno aliloliacha? Ni mama yake na ukoo wake? Ni munganga? Ni Serikali? Kama hilo si swali la desturi, basi sijui desturi ni nini. Sisi watu wa Bwisha, tangu Jomba mpaka Rutshuru, tunajua kwamba mtu akifa hawi kitu. Anaoshwa, analiwa kesha, anasemwa kwa jina lake. Hata deni lake linaulizwa kaburini kabla udongo haujamfunika.

Mimi ninasema wazi tangu mwanzo, ili asije mtu akanidhania vibaya. Sipingi mtu kutoa kiungo chake baada ya kufa. Ni tendo jema, pengine ni sadaka kubwa kuliko zote. Ninachopinga ni sheria inayosema kwamba asiyesema kitu amekubali.

Kwanza tuelewane

Mtu anaweza kufa ubongo wake wote, huku mashine ikiendelea kusukuma pumzi na damu ikizunguka. Hapo waganga wakisha kuhakikisha kifo, figo, ini, moyo na mapafu vinaweza kutolewa na kupewa mgonjwa. Lakini muda ni mfupi. Moyo hungoja kama saa nne hivi nje ya mwili, figo siku moja au zaidi kidogo. Kioo cha jicho ndicho chenye uvumilivu: kinaweza kutolewa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, kikahifadhiwa kwa siku, kikamrudishia kipofu mwanga.

Sasa angalia ugumu wake. Swali linaulizwa saa ile ile mama anapopiga ukelele wa kwanza. Ndiyo maana dunia yote inabishana: ruhusa itafutwe lini na kwa nani?

Afrika si mgeni katika habari hii. Moyo wa kwanza wa mtu kuhamishiwa kwa mtu mwingine ulihamishwa katika bara letu, mjini Cape Town, Desemba 3, 1967, na dokta Christiaan Barnard. Ulikuwa moyo wa msichana aliyegongwa na gari, Denise Darvall. Kabla ya kumgusa, waganga walikwenda kwa baba yake, wakamuuliza. Mzee yule alifikiri dakika chache, akakubali. Ni neno moja la baba, katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake. Lakini aliulizwa.

Baadaye nchi ziligawanyika. Kuna zile zinazosema: hatuchukui kitu mpaka mtu awe alisema ndiyo, au jamaa zake waseme ndiyo. Hiyo ni ridhaa ya kutamka. Na kuna zile zinazosema: kila mtu amekwisha kukubali, isipokuwa yule aliyejiandikisha kukataa. Hiyo ni ridhaa ya kudhaniwa. Mimi naiita ruhusa ya kimya. Ufaransa iliifuata tangu sheria ya Desemba 1976. Ubelgiji, aliyekuwa mkoloni wetu, iliiweka kwa sheria ya Juni 13, 1986. Uingereza imeingia humo Mei 2020.

Mtasema: hiyo ni ya huko mbali. Ngojeni.

Mama aliyeuliza

Sheria ile ya Ubelgiji haiwahusu Wabelgiji peke yao. Inamhusu pia mgeni aliyeandikwa kwenye daftari la wakaaji kwa zaidi ya miezi sita. Sasa hesabuni watoto wetu walio Brussels, Liège na Antwerpen. Walitoka hapa na vita, wengine kupitia Kisoro na Kampala, wengine kupitia Kigali. Wangapi kati yao wanajua kwamba kwa sheria ya kule, kimya chao kimehesabiwa kuwa ndiyo? Wangapi walioeleza mama zao?

Mimi ninajua nyumba moja katika mji wetu wa Bunagana. Mtoto wa nyumba ile alikuwa kule miaka kadhaa, akifanya kazi, akituma pesa ya shule ya wadogo zake. Ajali ya barabarani ikamkuta. Aliishi naye rafiki mmoja tu. Mama alikuwa huku, na siku zile simu hazikushika. Tulipompata yule rafiki, kijana alikuwa amekwisha kufa, na figo zake zimekwisha kwenda kwa wagonjwa. Hospitali haikuvunja sheria. Karatasi zote zilikuwa sawa. Tulipoleta habari nyumbani nilikuwa mimi mwenye kusoma barua ile ya Kifaransa na kuitafsiri. Ni kazi ambayo simtakii mtu.

Mama yule hakulia mbele yetu. Aliuliza neno moja: « Nani aliwaambia ndiyo? »

Nikamweleza sheria. Nikamweleza daftari la wakaaji, miezi sita, na yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hivi, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike: « Bangeniuliza, ningeitika. Mutoto wangu alikuwa mutu wa kusaidia batu. Lakini balimukamata tu, kama vile hakukuwa na mama. »

Ndugu msomaji, rudia kusoma maneno hayo. Mama huyu hakukataa figo za mwanawe zimponye mtu. Alichokataa ni kwamba sadaka ya mwanawe iligeuzwa kuwa kitu kilichookotwa. Wagonjwa wawili kule wanaishi, na Mungu awalinde. Lakini huku kuna nyumba ambayo ingekuwa na fahari, na leo ina kidonda. Kwa swali moja tu lililokosekana.

Kwa wale wanaotaka tuige

Nimewasikia vijana wetu waliosoma, wa sheria na wa tiba, wakisema kwamba siku Kongo itakapoanza kazi hii, ifuate njia ya Ubelgiji, kwani watu wengi wangekubali ila ni wavivu wa kuandika, na wagonjwa wanakufa wakingoja. Hoja hiyo si ya kijinga. Mgonjwa anayengoja ni mtoto wa mtu naye. Lakini nina mambo manne ya kuwaambia.

La kwanza: ruhusa ya kimya inahitaji daftari la wanaokataa. Bila daftari, haki ya kukataa ni hadithi. Sasa niambieni, nchi ambayo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984, itaweka wapi daftari hilo? Wengi wetu kitambulisho chetu ni kadi ya mpiga kura, tena ile ambayo maandishi yake yanafutika mfukoni. Mama wa Chengerero anayelima maharage atakwenda kuandika « hapana » yake katika ofisi gani, kwa karani gani, na kwa shilingi ngapi za « asante »?

La pili: hospitali zetu nyingi, na kila mmoja anajua, huzuia maiti mpaka deni lilipwe. Familia inalala nje ya chumba cha maiti siku tatu, inne, ikichangisha. Basi pale mwili ni wetu. Deni ni la ukoo, jeneza ni la ukoo, gari ni la ukoo. Ila figo zikitakiwa, mwili unakuwa wa taifa? Haiwezekani mtu awe wa kwetu wakati wa kulipa na awe wa wote wakati wa kuchukua. Mwenye kutaka sadaka ya maiti zetu aanze kwa kuzirudisha bila masharti.

La tatu: sisi ni watu wa vita. Bunagana ilitekwa Julai 2012, na tena Juni 13, 2022. Kila mara tulivuka mpaka na magodoro kichwani, tukaenda Nyakabande. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, Umoja wa Mataifa ulihesabu maiti zisizopungua 2900 katika siku chache, nyingine zikazikwa bila jina. Katika nchi ya namna hii, nani aliye kimya zaidi kuliko wote? Ni maiti asiye na jina, asiye na mtu wa kumlilia. Sheria inayosema kimya ni ndiyo ingemfanya yule aliyeonewa zaidi kuwa wa kwanza kukatwa. Sisemi kwamba waganga wetu ni wabaya. Ninasema sheria haiandikwi kwa ajili ya siku za amani peke yake.

La nne: tuna kumbukumbu. Mwaka 1884, kwenye pwani yetu ya Tanganyika, watu wa Mbelgiji Émile Storms walimuua chifu Lusinga, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Januari 17, 1961, Patrice Lumumba aliuawa Katanga pamoja na Mpolo na Okito. Mwili wake uliyeyushwa kwa asidi, na polisi mmoja wa Kibelgiji akaweka jino lake kwake kama mtu anavyoweka pembe ya mnyama. Jino hilo lilirudishwa kwa watoto wake Juni 20, 2022. Miaka 61! Nchi nzima ilisimama kwa ajili ya jino moja, na lilizungushwa mpaka Kinshasa likazikwa kwa heshima mwisho wa mwezi ule. Mtu anayeuliza kwa nini Mkongomani ni mwoga wa kuguswa akiwa maiti, aulize kwanza jino lile lilikaa wapi.

Tena tusidhani kwamba sheria peke yake inaleta viungo. Brazili iliweka ruhusa ya kimya mwaka 1997. Watu maskini waliogopa kwamba wataachwa wafe ili wakatwe, wakaenda kwa wingi kujiandikisha kukataa. Mwaka uliofuata, 1998, Serikali iliifuta. Hispania, kwa upande wake, inayo sheria ya ruhusa ya kimya tangu 1979, lakini waganga wake hawaitegemei. Tangu 1989 walijenga shirika lao la kitaifa chini ya dokta Rafael Matesanz, wakaweka katika hospitali watu waliofundishwa kukaa na familia, kueleza, kungoja, kuuliza. Na familia ikikataa, wanaacha. Hispania hiyo hiyo ndiyo iliyoongoza dunia kwa miaka mingi. Kumbe siri yao haiko katika kudhani. Wanaongoza kwa sababu ya kuuliza vizuri.

Kwa wazee wangu pia

Sasa nageukia upande wa pili, maana nisipofanya hivyo nitakuwa mnafiki. Wazee wangu, na nyinyi mna neno la kusikia.

Mnasema mwili usiguswe, uzikwe mzima, la sivyo mababu hawatamtambua mtu wao. Nauliza kwa unyenyekevu: wale wetu waliokanyaga mabomu, wakakatwa mguu, hatukuwazika? Hatukuwafanyia ikiriyo? Yupo kati yenu aliyesema kwamba mababu walimfukuza mlangoni kwa sababu ya mguu? Na wale waliopotea porini mwaka 1996, ambao hatukupata hata mfupa, tuliwalilia kwa jina na tukamaliza kilio chao. Desturi yetu haikuwahi kupima maiti kwa kilo. Ilipima kama mtu aliagwa vizuri au hakuagwa.

Mnasema ni mambo ya Wazungu. Lakini damu? Mara ngapi mwanamke amejifungua kwa shida, akatelemshwa kwa kipoyi, ile ingobyi yetu, vijana wakipokezana mabegani usiku kucha, na kule hospitalini ndugu akatoa mkono akatoa damu? Hakuna mzee aliyesema damu isitoke. Kipoyi chenyewe ni nini? Ni mwili wa mtu mmoja kubebwa na miili ya wengine. Sioni kwa nini mtu aliyebebwa na wenzake maisha yote asiweze kusema: nikifa, nami nitabeba mtu.

Wenye dini nao wasijifiche nyuma ya dini. Papa Yohane Paulo II, akihutubia waganga mjini Roma Agosti 29, 2000, alisifu tendo hili kama tendo la upendo, akasisitiza kwamba lazima liwe la hiari ya mtu anayejua anachokubali. Wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Jeddah mwaka 1988 nao waliruhusu kiungo cha maiti kumwokoa aliye hai, kwa sharti marehemu awe aliruhusu, au warithi wake waruhusu. Mnaona? Wanakutana pale pale: mtu atoe, asinyang'anywe.

Kisha kuna ubaya mwingine wetu, nao ni mkubwa. Ni ule wa ukoo kulifuta neno la marehemu. Kesi ya wakili S. M. Otieno wa Kenya wengi wenu mliisikia redioni. Alikufa Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema marehemu alitaka kuzikwa kwake karibu na Nairobi. Ukoo wake ukasema hapana, mtu wetu anazikwa kwetu. Wakashtakiana. Maiti ilikaa chumba cha baridi miezi mitano, mpaka mahakama ikaupa ukoo ushindi na akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Sitaki kuamua kesi ya Wajaluo. Ila ninajifunza kitu: kama neno la mtu kuhusu kaburi lake tu linaweza kubishaniwa miezi mitano, basi neno lake kuhusu figo, lenye kungoja siku moja, litafutwa kabla ya chai kupoa. Ukoo unaomheshimu maiti hauwezi kumnyamazisha. Tukisema Serikali isidhani kwa niaba yake, na sisi tusidhani kwa niaba yake.

Desturi yetu inayo jibu

Hapa ndipo ninapomjibu yule mzee aliyenicheka.

Sisi tuna irage. Mtu mzima anapoona kwamba siku zake zimekaribia, anaita watoto, anaita ndugu wa baba, anaita na jirani mmoja au wawili. Anasema: ng'ombe huyu ni wa fulani, shamba lile ni la fulani, deni langu kwa fulani halijalipwa, mlipe. Hakuna karani, hakuna muhuri. Na ole wake atakayelipindua neno lile! Hata mlevi wa kijiji anajua kwamba neno la irage halichezewi. Hii ndiyo ridhaa ya kutamka. Hatukuisoma Ulaya. Tulikuwa nayo.

Na msinambie kwamba sheria ya kisasa haiwezi kukubali neno la mdomo. Kenya imelikubali. Sheria yake ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kutoa mwili wake au sehemu yake katika wasia, au katika karatasi iliyotiwa sahihi na mashahidi wawili, au kwa neno la mdomo mbele ya mashahidi wawili. Akiwa hakusema kitu, ndipo wanaulizwa mume au mke, wazazi, mtoto mkubwa, ndugu. Hiyo si irage iliyovaa koti?

Tuangalie majirani zetu wa karibu zaidi. Uganda, ng'ambo tu ya kizuizi chetu cha mpaka, ilipata sheria yake ya kutoa na kupandikiza viungo mwaka 2023. Inakataza biashara ya viungo. Mwishoni mwa mwaka ule ule hospitali ya Mulago ilipandikiza figo yake ya kwanza. Rwanda nayo ilianza mwaka 2023 katika hospitali ya King Faisal mjini Kigali. Nchi zote mbili zimeanza na watoaji walio hai, ndugu kwa ndugu. Lakini mlango umefunguliwa, na hatua ya maiti itafuata. Mtu wa Bunagana akiugua sana anapelekwa wapi? Mutolere, Kampala, Kigali. Atafia huko pengine. Basi msiniambie jambo liko mbali. Liko mwendo wa basi la usiku mmoja.

Funzo la Ebola

Kuna watu watasema: mzee wa kijijini hawezi kuelewa mambo haya, ukimuuliza atakataa tu, heri kutomuuliza. Hao nawakumbusha Ebola.

Ugonjwa ulitangazwa katika mkoa wetu Agosti 1, 2018, huko Mangina, ukaisha Juni 25, 2020. Watu 3470 waliugua, 2287 wakafa. Julai 2019 ulifika Goma. Sisi Bunagana tuliosha mikono mpakani na kupimwa joto kila siku ya soko. Wakati ule ilibidi mate yachukuliwe mdomoni mwa maiti ili kupima, na maziko yafanywe na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Mwanzoni, upande wa Beni na Butembo, mambo yalikuwa mabaya. Watu wenye mavazi meupe walishuka garini, wakafunga maiti katika mfuko, wakaenda. Ndipo minong'ono ikazaliwa: wanatoa viungo, wanauza. Magari yakapigwa mawe. Vituo vikachomwa. Aprili 2019 dokta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa Butembo. Aibu yetu.

Lakini mambo yalibadilika pale walipojifunza kukaa chini. Walianza kumsalimu mkubwa wa nyumba kwanza. Walieleza kwa lugha ya pale. Waliacha familia ione uso. Waliwavalisha ndugu wawili watatu mavazi yale, wabebe wenyewe mtu wao. Padri au mchungaji akasali. Palipofanyika hivyo, familia nyingi ziliitika. Watu walikuwa wale wale, wa kabila lile lile, na ugonjwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba waliulizwa.

Kwa hiyo msituambie kwamba mwananchi ni mjinga. Uvumi wa viungo kuibwa haukutoka katika ujinga. Ulitoka katika ukimya wa wale waliokuja. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga walisema. Anayetaka kujenga sheria nzima juu ya kimya, ajue anajenga juu ya uvumi.

Basi tunataka nini?

Nisije nikalaumu bila kupendekeza. Naweka mbele ya jumuiya yetu mambo matano, tuyajadili kwenye mkutano, na tukikubaliana tuyapeleke kwa wabunge wetu na kwa waganga.

Moja: Kongo isiweke ruhusa ya kimya. Asiyesema hakukubali wala hakukataa. Hakusema tu.

Mbili: neno la mdomo mbele ya mashahidi wawili wazima lihesabiwe, kama irage yetu. Mashahidi wasiwe waganga wa hospitali ile.

Tatu: mtu aliyesema ndiyo, ukoo usiigeuze kuwa hapana. Na aliyesema hapana, Serikali wala ukoo usiigeuze kuwa ndiyo. Neno la marehemu ndilo la mwisho.

Ine: marehemu akiwa hakusema kitu, jamaa waulizwe, kwa lugha yao, na mtu asiyekuwa katika kundi la wapasuaji. Wapewe nafasi ya kuita mkubwa wa nyumba, hata kwa simu. Wakisema hapana, wasisumbuliwe, wala maiti isizuiliwe.

Tano: pesa isiingie. Wala kwa familia, wala kwa mtu wa kati. Na maskini awe katika orodha ya wanaopokea, si katika orodha ya wanaotoa peke yake. Kama figo ya mtoto wa Jomba inaweza kumponya tajiri wa Kinshasa, basi figo ya tajiri imponye na mtoto wa Jomba.

Na kuna la sita, ambalo halingojei bunge wala mkutano. Ni la usiku huu huu. Kila aliye na mtoto Ubelgiji, Ufaransa au Uingereza ampigie simu. Amwambie: mwanangu, kule uliko kimya chako kimeandikwa kuwa ndiyo. Kama unataka kutoa, tuambie sisi wazazi wako, tujue, tuone fahari. Kama hutaki, nenda kwenye ofisi ya komine unakokaa, waandike kwamba hutaki. Ni haki yako, na kwa Ubelgiji ndiko inakofanyika. Lakini sema! Usituache tukisomewa barua.

Sisi wenyewe tuseme pia. Mimi nimekwisha kusema. Jumapili moja baada ya chakula niliwaita wanangu, mdogo wangu, na jirani yangu wa nyumba ya pili. Nikawaambia: nikifia mahali penye waganga wa kazi hiyo, macho yangu wayachukue, na figo wachukue, kama zitafaa kitu. Kilichobaki mukilete nyumbani, mukizike chini ya Sabinyo karibu na baba. Mke wangu alinyamaza muda mrefu. Nikamwambia: wewe nawe, sema, maana nimeandika makala nzima kwamba kimya si ruhusa. Akacheka, akasema bado anafikiri.

Anayo haki ya kufikiri. Siku atakaposema, tutamsikia. Mpaka siku ile, asitokee mtu, awe na koti jeupe au muhuri wa Leta, wa kusema kwamba mke wangu amekubali.

Mzee wangu uliyenicheka, hilo ndilo jibu langu. Kama una neno la kunipinga, kijitabu kijacho kina nafasi. Lakini kwanza ukae na watoto wako, uwaambie neno lako.